121.5 iwe tayari kabla hujapaa, usisubiri kuitafuta angani

Wadau mnaosomea urubani na nyie mnaojaza masaa kwenye ndege ndogo, hii nawaandikia nyie hasa, kwa sababu mimi 121.5, ile frikwensi ya dharura ya ndege, niliijua tangu wiki ya kwanza darasani, ningeulizwa usingizini ningeitaja, na bado siku niliyoihitaji kweli ilinichukua karibu dakika nzima kuifikia.

Nilikuwa natoka Mafia narudi Dar na Cessna 172 ya zamani, zile zenye kabureta, mwenzangu mmoja kakaa kulia. Mawingu yalikuwa chini kwa hiyo tuko futi 1,500 tu, kulia bahari, kushoto mikoko ya delta ya Rufiji. Injini ikaanza kutetemeka na mizunguko yake inashuka taratibu. Nikaita kwenye frikwensi niliyokuwa nayo, kimya. Basi mkono ukaenda kwenye redio, na kuzungusha namba ndege ikiwa inarukaruka ni kazi aisee, nobu ya nje inabadilisha namba za mbele, ya ndani inabadilisha za baada ya nukta, nikapitiliza 121 nikarudi, nikaipata .5, nikabonyeza kitufe cha kuongea nikaita Mayday mara tatu kama nilivyofundishwa, kimya tena! Frikwensi nimeiweka redio namba mbili lakini swichi ya kuchagua maiki bado iko redio namba moja. Na muda wote huo nimeinamia redio, mwendo unapungua, mpaka mwenzangu akapiga kelele, "Kaka pua, shusha pua!"

Nikashusha pua, nikashika mwendo wa noti 65, hapo ndo akili ikarudi nikavuta joto la kabureta, ile hewa ya moto ya kuyeyusha barafu ndani yake. Pwani yetu ina unyevu mwingi, watu wanadhani barafu ni mambo ya Ulaya, ila kabureta inaganda hata nje kukiwa na nyuzi 30. Injini ikakohoa zaidi kwanza, ndivyo inavyokuwa barafu ikianza kuyeyuka, halafu ikatulia. Nikageuza ile swichi ya maiki nikaita upya, na aliyenijibu hakuwa Dar, alikuwa rubani wa ndege kubwa huko juu kabisa, akachukua mahali nilipo na hali yangu akawapa Dar.

Nilichojifunza ni kwamba frikwensi kuwa kichwani haitoshi, inatakiwa iwe kwenye redio tayari, ili mikono yako ibaki kwenye ndege. Ile dakika niliyotumia kuzungusha nobu ilikuwa dakika ya kuvuta joto la kabureta.

Kwa hiyo sasa hivi kabla sijawasha injini 121.5 inakaa redio namba mbili, na sio stendibai (ile nafasi ya kusubiri), inakaa mbele inasikika, sauti nimeipunguza kidogo isimeze redio namba moja. Nikiihitaji nageuza swichi moja tu ya maiki naongea. Kama ndege yako ina redio moja iweke stendibai kila unapokuwa huna frikwensi nyingine ya kuisubiri, inakuwa ni kubonyeza mara moja. Na ujue redio yako inafanyaje, maana kwenye redio za Garmin kama GNS 430 na G1000 ukishikilia kile kitufe cha kubadilishana frikwensi kwa sekunde 2 hivi 121.5 inakuja yenyewe, na nimeruka na watu wenye masaa mengi tu hawajui hilo. Redio za zamani hazina kitu kama hicho. Soma kitabu cha redio iliyomo kwenye ndege unayorusha wewe, halafu kaa kwenye ndege ikiwa chini, fumba macho, gusa kitufe, gusa swichi ya maiki, gusa transponda (kile kifaa kinachotuma namba yako kwenye rada), rudia mpaka mkono uende wenyewe. Ila usiongee majaribio kwenye 121.5, watu wanaisikiliza.

Sasa tusielewane vibaya, kama tayari unaongea na muongozaji wa safari za ndege na anakusikia, BAKI hapo hapo, mwambie yeye, usihame frikwensi kwenda kutafuta watu wengine wakati anayekujua anakujibu. 121.5 ni ya pale usipokuwa na mtu. Halafu weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, ukipata nafasi.

Kuna jamaa wanasema 121.5 imekufa. Hapana. Kilichoisha ni satelaiti kuisikiliza, tangu Februari 2009 zinasikiliza 406 MHz tu, kwa hiyo kama ndege unayokodi ina ELT (kile kifaa kinachopiga ishara ya dharura ndege ikianguka) ya zamani ya 121.5 peke yake ujue satelaiti haitakusikia ukianguka porini, uliza kabla ya kulipa. Kwa sauti bado iko hai kabisa. VHF, mawimbi ya redio hizi zetu, inakwenda kwa mstari ulionyooka, ukiwa futi 1,000 unafika maili 40 hivi za anga kwa kituo kilicho chini, na ukiwa nyuma ya mlima hata hizo hupati. Lakini ndege ya abiria iliyo futi 35,000 inakuona vizuri, na marubani wao kwa kawaida wanaiacha 121.5 wazi kwenye redio ya pili. Ndo maana mimi nilijibiwa.

Na kwa sababu hiyo hiyo nawaomba na nyie muiache wazi. Mwaka jana nikiwa juu ya Saadani nilimsikia kijana anaita, sauti inatetemeka, hakuna anayemjibu, na alikuwa chini sana kufika kwa muongozaji. Nikamuuliza yuko wapi, mafuta kiasi gani, watu wangapi, nikazipeleka taarifa hizo Dar, halafu nikabaki naye kwenye frikwensi mpaka akaniambia magurudumu yamegusa.