Muulize Bwana Miti: Magogo yaliyoangushwa na upepo tuyachome?

SWALI: Shikamoo Bwana Miti. Shamba letu limepakana na msitu. Upepo wa masika ulilaza miti mitatu mikubwa. Sasa ukibandua gome unakuta funza, na unga wa mbao unamwagika chini. Shemeji anataka tuchome magogo yote, eti wadudu wakiyamaliza watahamia kwenye miti iliyosimama. Ni kweli?
Mama Rehema, Chanika

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwombe shemeji aweke kibiriti mfukoni.

Hofu yake haikutoka hewani. Januari 2005 dhoruba Gudrun iliangusha kusini mwa Sweden takribani mita za ujazo milioni 75 za miti, nyingi zikiwa za aina moja. Mbawakawa wa nusu sentimita wakazaliana chini ya magome hadi wakawa wengi kupita nguvu ya utomvu wa miti mizima, nayo wakaiua. Ila ule ulikuwa msitu wa mti mmoja, heka kwa heka. Huko kwenu miti imechanganyika, na bungua wengi, yaani wadudu watoboao mbao, hawauwezi mti wenye afya. Wanautaka uliokufa au unaokufa.

Ujanani nililala Kisarawe karibu na mvule ulioanguka. Usiku kucha nilisikia krr, krr ndani ya gogo: funza wa mbawakawa wenye vipapasio virefu, wakitafuna. Mimi sauti ile naipenda mpaka leo. Vijia vyao ndivyo vinavyopitisha maji na kuvu, mchwa wakafuata, gogo likarudi udongoni.

Wanaoumia kweli ni wadudu wa kivulini, wa majani yenye unyevu yanayooza chini, maana jua sasa linawapiga moja kwa moja. Nuru hiyohiyo huotesha machipukizi laini, na viwavi huyafuata. Baada ya kimbunga Hugo, Septemba 1989, huko Puerto Rico viwavi walifurika kwenye mimea michanga iliyoota. Walipoimaliza, na nyigu wanaotaga ndani ya viwavi walipoongezeka, viwavi wakapungua wenyewe.

Kata matawi yaliyoziba njia, chukua kuni zako, mashina makubwa yaache yalale. Kila wiki kagua miti iliyosimama ya aina ileile. Ukiona unga mpya unatoka kwenye tundu za mti wenye majani mabichi, niandikie tena, na uutaje mti huo kwa jina lake.