Jibu: ChatGPT inampa mtoto hesabu zilizomzidi

Salaam, dada. Nimekuelewa: unamfundisha binti yako wa Gredi ya 5 nyumbani, na kila ukiiomba ChatGPT, ile programu ya akili bandia, mazoezi ya hesabu za sehemu (kama 1/2) inakuletea maswali mazito, tena ya dola na maili.

Kwanza angalia unachoiandikia. Ukisema "Gredi ya 5" tu, haijui mtoto ameishia wapi. Mimi hupakua mtaala wa somo kwenye tovuti ya KICD (taasisi ya kuunda mitaala ya Kenya), nikanakili mada ndogo moja, nikaibandika. Kisha naongeza kosa lenyewe jinsi mtoto alivyoliandika: "Amejumlisha 1/2 na 1/4 akapata 2/6. Mpe maswali matano ya kumsaidia aone alipokosea, tumia chapati na shilingi, usimpe majibu." Hilo kosa ndilo muhimu, bila hilo utapata mazoezi ya mtoto yeyote yule.

Hesabu zote zifanye mwenyewe kwa kalamu kabla hajaziona, maana programu hii hukosea kwa kujiamini kabisa. Na akaunti iwe yako, kwani OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, hairuhusu walio chini ya miaka 13.

Insha za Kiswahili nasahihisha mwenyewe. Sayansi sijaijaribu, mwenye uzoefu aongezee.