Three Camps: usiguse kasi kabla hujajua mkazo unaangukia mkono gani

Mkuu, shusha hiyo 140 kwa dakika kwenye metronomu, hicho kifaa cha kuhesabu mwendo, sasa hivi. Unasema umepata noti mbili zisizofanana za Three Camps, ule wimbo wa ngoma wa kuamshia kambi ya jeshi, moja ya tripleti (kila hesabu inagawanywa mara tatu) na nyingine ya semikwava (mara nne), ukachagua ya semikwava kwa kuwa "ina ujeshi zaidi", halafu unataka kujiunga na kikosi cha ngoma na filimbi huku Connecticut ukiipiga hivyo. Umeuliza pia fimbo na pedi za kununua. Fimbo zisubiri.

Tupige hesabu kwanza. Wimbo huu umejengwa kwa roli, yaani mapigo ya mfululizo, na roli ya wazi ni kila mkono kugonga mara mbili: kulia-kulia, kushoto-kushoto. Wazee waliifundisha kwa mdomo, baba-baba, mama-mama. Ukiigawa krocheti, yaani hesabu moja ya metronomu, kwa tripleti, unapata mapigo sita. Kwa mwendo wa 110, ambao vikosi vya staili ya kale vinaridhika nao na wengine hupiga taratibu zaidi, hayo ni mapigo 11 kwa sekunde. Sikio bado linayasikia moja moja. Kwa semikwava ni mapigo manane, yaani karibu 15 kwa sekunde, na kwa 140 yako yanakaribia 19. Ngoma kubwa ya kukazwa kwa kamba itakukoromea tu.

Ila kasi ungeipunguza siku moja ukamaliza. Kinachokula watu ni mikono. Kwenye tripleti mikono inabadilishana mara tatu, ni witiri, kwa hiyo krocheti moja ikianza kulia, inayofuata inaanza kushoto. Kwenye semikwava ni mara nne, shufwa, kila krocheti inaanza mkono uleule. Misuli ikishazoea mkazo kukaa kulia tu, kuuhamisha ni kazi ya miezi, na ukipandwa na presha mkono unarudi kulekule.

Aliyeniponza mimi ni mwalimu mmoja wa mtandaoni, hela yangu akala, akaniapia kwamba semikwava ndiyo "asili" ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Asili ipi? Kitabu cha mafunzo ya ngoma na filimbi cha Bruce na Emmett kilitoka 1862, vita ikiwa imepamba moto, na vitabu vya enzi zile huitaja roli kwa idadi ya mapigo: ya tano, ya kumi, ya kumi na moja. Idadi haikwambii mapigo yanakaaje ndani ya krocheti. Hilo kijana aliyeamsha kambi alfajiri kwa ngoma hii alilipata kwa kumsikiliza aliyemfundisha. Hata N.A.R.D., chama cha wapiga ngoma wa Marekani, walipokutana Chicago 1933 na kusanifisha rudimenti (mapigo ya msingi ya ngoma), kila kikosi kiliendelea na lahaja yake. Mtu anayekuuzia "tafsiri sahihi" moja anakuibia, na bado nina hasira naye.

Nilifika mazoezini na mikono ya yule bwana. Filimbi zikaingia, mstari mzima ukaweka mkazo kushoto, wangu ukatoka kulia na umechelewa. Kiongozi wa ngoma hakugomba, alinyoosha fimbo yake akaiweka juu ya ngozi ya ngoma yangu mpaka wimbo ukaisha. Msimu ule nilibeba bendera, na jua la Deep River, mji wa Connecticut vikosi hivi vinapokutana, mwezi wa saba si la mchezo.

Kwa hiyo nenda kwenye kikosi unachokitaka kabla hujapiga hata pigo moja zaidi. Mwombe kiongozi wa ngoma akupigie kambi ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya wimbo, polepole, umrekodi kwa simu huku kamera ikitazama mikono. Nyumbani iimbe kwa baba-baba, mama-mama, mguu ukihesabu, na kila penye mkazo andika kulia au kushoto juu ya noti. Kama kikosi chao ni cha semikwava, sawa, piga semikwava, sina ugomvi nayo. Halafu weka metronomu 60 na usiipandishe mpaka mkazo wa kushoto ulingane na wa kulia. Video ya 60 hiyo itupie hapa, nitaangalia kushoto kwanza.