Savagnin inayonukia jozi (kokwa ya walnut): imeharibika?
Hapana, Savagnin, divai nyeupe ya Jura, Ufaransa, kunukia jozi na binzari si lazima iwe imeharibika. Tazama lebo kwanza. Ikiandikwa "ouillé", pipa lilijazwa kila divai ilipopungua, na ladha yake huwa ya limau. Jozi kwenye hiyo ndiyo ya kutiliwa shaka. Lakini harufu hiyo ni ya kawaida kwa "vin jaune" (divai ya njano), ile Savagnin ya chupa fupi nene ya sentilita 62. Pipa lake halijaziwi: utando mwembamba wa hamira huota juu ya divai na kuikinga na hewa, angalau miezi 60. Utando ukikatika, bakteria huifanya siki. Basi nusa: ikichoma pua kama siki au gundi, imwage. Ikiwa nzima, usiiweke kwenye barafu. Inywe kwenye nyuzi 14 hadi 16, ukiifungua saa kadhaa kabla.