Ua la porini limekauka, nimwagilie mpaka lini?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Mtama, Lindi. Mwezi wa kwanza nilichimba porini lile ua linalopanda, jekundu lenye njano pembeni, nikaliweka kwenye ndoo uani. Likachanua mpaka majirani wakawa wanaomba mbegu. Mwezi huu wa sita limekauka lote, namwagilia asubuhi na jioni lakini wapi. Jirani kasema niweke yurea, na kuna mzee sokoni kasema kama limekufa nimpelekee kiazi chake, eti ni dawa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji simamisha leo leo, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Ua lako ni gloriosa (Gloriosa superba) na kukauka kwake sio kufa, limelala tu, yaani mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili linachipua, linapanda, linachanua, linaweka mbegu, halafu mvua zikikata kwenye mwezi wa tano kila kilicho juu ya udongo kinakauka na chakula kinakuwa kimeshashuka kwenye kiazi kipya huko chini. Nenda pale pale ulipolichimba, sasa hivi huoni hata jani, na huko hakuna anayekuja na kopo la maji.

Hili la kumwagilia mmea uliolala ndo linanimaliza jamani. Kila kiangazi naletewa ndoo za hivi, nikimwaga udongo nakuta kiazi kimekuwa uji, kinanuka. Kiazi kisicho na jani hakinywi maji, na ndoo zenyewe nyingi hazijatobolewa chini, kwahiyo maji yanakaa pale kinaoza, mtu akiona hakichipui anaongeza mengine, halafu ndo anatokea mshauri wa yurea. Yurea ya nini kwenye mmea usio na jani hata moja? Unaunguza tu kile kilichobaki. Sijataja wale wanaotembeza chupa za busta, yaani dawa za kukuzia mimea, chupa ile ile asubuhi kamuuzia mtu wa mikorosho jioni ni ya maua, ukimuuliza ndani kuna nini anakuonyesha picha kwenye lebo!

Wewe isogeze ndoo upenuni udongo ukauke kabisa. Ukitaka kuhakikisha kiko hai fukua taratibu kwa vidole, panga liache ndani. Utakuta kiazi chembamba kimepinda kama herufi V, na jicho la kuchipua liko kwenye ncha, sio mwili mzima kama kiazi mviringo, kwahiyo ukivunja ncha umelimaliza, na hapo ndo wengi wanaochimba porini wanapoharibia. Kikiwa kigumu kirudishe, kilaze usikisimamishe, vidole vinne kwenda chini, kwenye mchanga uliochanganya na majani yaliyooza ya chini ya mwembe, kisha nawa mikono vizuri. Ndoo itoboe. Mvua zikianza lichomekee vijiti vyembamba, maana linapanda kwa ncha za majani, ile ncha inajiviringa kwenye kijiti au ukuti, nguzo nene hailishiki. Na mwakani hao majirani wape mbegu, zile nyekundu, wasiende kuchimba porini, ila waambie ukweli kwamba kuona ua ni miaka mitatu hata minne.

Sasa huyo mzee wako. Usimpelekee. Kiazi hicho kina kolkisini, sumu ambayo hospitalini inatumika kwa vipimo vidogo mno kwa wagonjwa wa gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, yeye anakata kwa kisu cha mfukoni anakwambia kipande cha kidole, kipimo gani hicho? Kuna wanaowapa wajawazito kuharakisha uchungu, kuna wanaowauzia wanaume kama dawa ya nguvu, na wote wanasema ukishachemsha sumu imetoka. Haitoki, sumu hii haiogopi moto.

Na huku kwetu kusini nina hofu nyingine, ming'oko, vile viazi vya porini tunavyokula. Watu wanachimba ming'oko kiangazi hiki hiki, mashina yamekauka, watoto wanakwenda na vijembe wenyewe, na kiazi cha gloriosa kikishatolewa udongo ni chembamba cha kahawia, mtoto ataona ni mng'oko tu. Ming'oko ichimbwe na anayelijua shina lake, na ndoo yako weka mbali na watoto na mbuzi.

Aliyekula mara nyingi hasikii kitu kwa saa kadhaa, ndo anaanza kutapika na kuhara kama kipindupindu, na siku zinazofuata damu na viungo vya ndani vinaweza kuharibika huku watu wanasema si ameshapata nafuu. Kwahiyo ukijua mtu kala, hata kama anacheka, mpeleke hospitali muda huo huo na kipande cha kiazi mkononi wakione, hayo mambo ya kumnywesha maziwa na kusubiri asubuhi acheni.