Bastola kubwa, shati jepesi: maswali mawili ya wasomaji

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Chake Chake. Nina kibali cha polisi cha kumiliki bastola, nilichokiomba baada ya kuvamiwa mara mbili nikipeleka fedha za mauzo benki. Bastola yenyewe ni Beretta 92, na ni kubwa, ilhali mimi si mtu mnene, na kwa joto letu hili siwezi kushinda na koti. Nimejaribu kuichomeka kiunoni hivi hivi, nikajaribu kuitia katika mkoba wa fedha, na sasa rafiki yangu ananishauri ninunue ala ya kwapani. Siku ya Ijumaa huvaa kanzu, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Naomba unielekeze njia itakayonifaa.

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Nianze na lile ulilokwisha kulifanya, kwa sababu limenitia hofu: usiichomeke tena bastola kiunoni bila ala, hata kwa mwendo wa kutoka dukani hadi benki. Suruali haina kitu cha kuizuia isiteremke, na mtu akiihisi inateleza, mkono huruka wenyewe kuidaka, na mara nyingi kidole kinachotangulia ni kile kinachoingia kwenye triga. Nilipokuwa nikiwafundisha walinzi nilimwona kijana akishuka kwenye gari ya abiria, bastola ikampitia ndani ya mguu wa suruali, ikadondoka kwenye ngazi na mdomo wa mtutu ukawaelekea watu waliokuwa bado wamekaa. Haikufyatuka. Kijana yule alikaa chini palepale kando ya barabara, na ilimchukua muda mrefu kuweza kusimama tena.

Sasa tuitazame bastola yako. Beretta 92 ina urefu wa milimita 217 na uzito wa gramu 950 hivi ikiwa tupu, na ukiijaza risasi zake 15 unapita kilo 1.1, yaani unatembea na chupa ya maji ya lita moja iliyoning'inia upande mmoja wa mwili. Wengi hudhani shida ya silaha kama hii ni mtutu, na kumbe mtutu hulala sambamba na paja bila kumsumbua mtu. Kinachokufichua ni mpini. Mpini wa Beretta umebeba risasi zilizopangwa katika safu mbili, kwa hiyo ni mnene na mrefu, na ukiinama kidogo tu hujitokeza nyuma na umbo lake likajichora kwenye shati. Basi kila utakalolichagua lipime kwa swali hili: mpini unakwenda wapi ninapoinama?

Kwa mtu mwembamba anayevaa suruali na shati, ninachokushauri ni ala ya ndani ya suruali, upande wa mkono unaotumia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Wafundishaji hulinganisha kiuno na uso wa saa: kitovu kiwe kwenye namba 12, na ala ikae kati ya namba 3 na namba 4 kwa anayetumia mkono wa kulia. (Nasema namba zilizoandikwa, si saa zetu tunazozihesabu kwa Kiswahili, kwa maana nimeshawahi kumkuta mtu ameivaa upande wa kushoto kwa kuisoma namba 3 kuwa ni saa tisa.) Ala iwe imelazwa mbele kidogo, ili mpini ufuate mbavu badala ya kuchomoza kuelekea nyuma. Usiisogeze mpaka ikafika kwenye uti wa mgongo, kwani ukianguka chali utaangukia chuma.

Ala yenyewe iwe na sifa tatu ambazo sikuruhusu uziache kwa ajili ya bei. Ifunike triga yote kwa kitu kigumu ambacho kidole hakiwezi kukisukuma kutoka nje. Mdomo wake ubaki wazi unapoichomoa silaha, ili urudishaji usikulazimishe kuutanua kwa mkono wa pili uliopita mbele ya mtutu. Na iishike bastola sawasawa hata ukiipindua juu chini ikiwa tupu. Plastiki ngumu iitwayo Kydex inatimiza haya yote, na kwa hali ya hewa yetu ina faida nyingine kubwa, kwamba hainyonyi jasho. Ngozi ni laini zaidi mwilini, lakini hushika unyevu na chumvi, na mtu akiilaza bastola usiku kucha ndani ya ala ya ngozi wakati wa masika huamka na kukuta vidoa vya kutu kwenye slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola inapofyatuka. Fremu ya Beretta, yaani kiunzi chake cha chini chenye mpini, ni ya aluminiamu na haishiki kutu, ila slaidi na mtutu ni vya chuma kinachoshika kutu, kisichovumilia uzembe. Kila jioni itoe kwenye ala, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha uipake mafuta mepesi.

Mkanda ni nusu ya kazi, na watu huudharau. Uwe wa ngozi ya tabaka mbili, upana wa sentimita 4 hivi. Ushike kwa ncha moja, mkanda wenyewe ukiwa umelala ubavu, na kama unajikunja chini kama kamba, hautabeba kilo moja bila kulegea kabla ya adhuhuri. Mwambie fundi cherehani akuongezee inchi moja au mbili kiunoni mwa suruali. Shati usilichomekee. Shati jeupe lisilo na maua huonyesha kila mstari, ilhali shati la maua maua au la kitenge, lenye kitambaa kizito kidogo na refu kupita mkanda, huvunja umbo la kitu kilicho chini yake. Kisha simama mbele ya kioo, nyosha mikono juu kama anayeteremsha katoni ya misumari kutoka rafu ya juu, na uchuchumae kama anayehesabu mabati. Ikiwa hapo haionekani, haitaonekana benki.

Ala ya kwapani aliyokushauri rafiki yako ni nzuri kwa mwenye koti, na wewe umekwisha kuniambia kwamba koti huliwezi. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: ala nyingi za namna hiyo huilaza bastola mtutu ukitazama nyuma, hivyo mtu aliyesimama nyuma yako kwenye foleni ya benki anakuwa mbele ya mtutu wako muda wote. Mkoba wa fedha ndio mbaya kuliko yote. Anayekuvamia anautaka mkoba, na akiupata amepata fedha na silaha kwa pamoja.

Kuhusu Ijumaa nitakuwa mkali kidogo, na unisamehe. Kanzu inaficha kila kitu, hilo ni kweli, lakini inakuficha na wewe mwenyewe silaha yako, maana huifikii mpaka uipandishe nguo yote hadi kiunoni. Ukirukuu, mpini unakuchoma ubavuni. Ukisujudu, umbo lake linajichora kwa walio safu ya nyuma. Na ukitia udhu hujui uiweke wapi. Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba anayepita na mishale katika misikiti na masoko aishike kwenye ncha zake asije akamdhuru Muislamu, na mshale ni kitu kidogo mbele ya hiki ulichonacho. Nunua kasha la chuma, lifungwe kwa boliti kwenye ukuta wa duka, na uiache humo kabla hujatoka kwenda msikitini. Kwenye gari usiiache.

Kabla ya yote hayo, soma tena kibali chako na uwaulize polisi wa kituo chako kama kinakuruhusu kutembea nayo hadharani au kuiweka dukani tu, kwa sababu ushauri wote huu ni wa yule aliyeruhusiwa. Kama unavuka kwenda Unguja, usifike bandarini Mkoani nayo kiunoni ukitarajia kujieleza mbele ya wakaguzi. Nenda kwa polisi mapema, wakuelekeze.

SWALI: Mimi ni mama wa makamo, nina duka la dhahabu Unguja mjini. Nina kibali, na bastola yangu ni Glock 17. Huiweka katika mkoba wangu wa bega, chini ya pochi na funguo, nikivaa buibui. Je, ni salama?

JIBU: Hapana, mama. Glock 17 haina wenzo wa usalama wa nje. Kinga yake imo ndani ya triga yenyewe, hivyo chochote kinachoibonyeza triga katikati huifyatua, na funguo au kalamu hazina tofauti na kidole. Kama ni lazima iwe mkobani, basi tafuta mkoba wenye mfuko wa peke yake kwa ajili ya silaha, usioingia hata leso, na ndani ya mfuko huo iwe kwenye ala ngumu iliyofunika triga. Mkanda wa mkoba uupitishe kifuani, usiuning'inize begani tu, na usiuweke kwenye kiti wala juu ya kaunta hata kwa dakika moja. Chini ya buibui kuna mikanda mipana ya tumboni yenye mfuko wa bastola, lakini bastola yenye urefu wa sentimita 20 hivi itakusumbua ukikaa, na huwezi kuifikia kwa haraka. Ukifika nyumbani, kitu cha kwanza kutoka mkobani kiwe ni bastola, iende moja kwa moja katika kasha la kufuli kabla hujavua viatu, kwa sababu wajukuu wakikuona umerudi huukimbilia mkoba huo huo kutafuta peremende.