Ushauri kwa mwanafunzi wa jiolojia anayejiandaa kwenda Olkaria

Wanafunzi wengi ninaowaongoza kwenda Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, hufika wakiwa na hamu kubwa ya kuona mvuke. Hamu hiyo ninaielewa, kwa maana mvuke mweupe huonekana ukipanda angani tangu mtu akiwa bado mbali, na mitambo iliyopo pale huipatia Kenya sehemu kubwa ya umeme wake. Hata hivyo, kadiri nilivyorudi huko na makundi mbalimbali ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mvuke wenyewe hufundisha machache, na kwamba somo kubwa limo katika mwamba uliogeuzwa na mvuke huo: rangi yake, ulaini wake, na mimea iliyokubali au iliyokataa kuota juu yake. Alama hizohizo zinazomwonyesha mwanajiolojia mahali joto lilikopita ndizo zinazomwonyesha mahali asipopaswa kukanyaga. Ndiyo sababu usalama haufai kuwa tangazo la kusomwa ndani ya basi na kusahaulika kabla ya kufika langoni. Unapaswa kufundishwa kama sehemu ya jiolojia yenyewe.

Maandalizi yaanze darasani, na yaanze kwa ramani. Mwanafunzi asiyejiandaa hufika Olkaria akitafuta mlima wenye shimo kileleni, kama Longonot ulio upande wa mashariki wenye kimo cha mita 2,776, naye asipouona hudhani kwamba hajafika kwenye volkano. Olkaria ni mkusanyiko wa vilima vya lava nzito, mitiririko ya rayolaiti (mwamba wa volkano wenye silika nyingi) na matabaka ya majivu na pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu), vyote vikiwa vimekatwa na nyufa za Bonde la Ufa, ambazo nyingi huelekea kaskazini na kusini. Upande wa mashariki vilima hivyo vimejipanga kwa mkunjo, na wataalamu wengi huuchukulia mpangilio huo kuwa dalili ya ukingo wa kaldera iliyofukiwa, yaani bonde kubwa linalobaki volkano inapoporomoka. Ninapendekeza kila mwanafunzi achore, kabla ya kuondoka chuoni, mchoro mmoja wa mkato wa ardhi unaoonyesha jinsi maji ya mvua yanavyoingia kutoka kingo za bonde, yanavyoshuka hadi kwenye mwamba uliopashwa moto na magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi), na yanavyopanda tena kwa kufuata nyufa. Auchore hata kama hana uhakika wa kila mstari, kisha aubebe na kuusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine kila jioni.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Sehemu ya eneo hilo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984 na kusimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, na sehemu kubwa ya visima na mitambo iko chini ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Barua za kuomba ruhusa ziandikwe mapema, zitaje idadi ya wanafunzi na kazi watakayoifanya, na zieleze wazi kama mnanuia kuchukua sampuli za mawe. Ndani ya hifadhi, nyundo isitolewe mkobani bila idhini. Mwanafunzi ajifunze kufanya kazi nzuri kwa lenzi ya mkononi, daftari na macho yake. Mwamba uliochongwa na mvua na upepo hueleza mambo mengi bila kupigwa.

Sasa nije kwenye matundu ya mvuke, ambako ningependa kila kundi litumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Msifike na kusogea mara moja. Simameni mbali kidogo, upepo ukiwapiga mgongoni, na muitazame ardhi kwa utulivu kuanzia pale mlipo hadi kwenye tundu. Mtaona kichaka cha leleshwa kikipungua, kisha nyasi fupi, kisha udongo mtupu. Mtaona mwamba wa kijivu ukigeuka kuwa wa rangi ya maziwa, wa waridi na wa damu ya mzee, na karibu na mdomo wa tundu pengine mtaona chembe za njano za salfa. Maelezo yake ni haya: gesi ya haidrojeni salfaidi inayopanda na mvuke hukutana na hewa na unyevu karibu na uso wa ardhi, ikageuka kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huyala madini ya feldispa yaliyomo kwenye mwamba hadi yakawa udongo laini wa kaolini. Chuma kilichokuwa ndani ya mwamba hupata oksijeni na kuacha rangi nyekundu.

Mwanafunzi akiuelewa mchakato huo, hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba udongo mweupe na mwekundu ulio karibu na tundu si ardhi ya kuaminika. Mwamba wake umekwisha kupoteza nguvu, na chini ya gamba jembamba panaweza kuwa na matope yanayochemka. Katika ziara mojawapo, mzee wa Kimaasai aliyekuwa akituongoza alisimama ghafla kwenye njia ambayo sote tuliiona kuwa salama, akachomeka fimbo yake ardhini, nayo ikazama bila kutumia nguvu. Alipoichomoa, mvuke ulifuata kutoka kwenye kitundu kile. "Mwalimu," aliniambia, "hapa mvua imepita juzi. Tuzunguke huku kwenye mawe." Nami nikawaomba wanafunzi waandike jambo hilo kwenye madaftari yao kama kipimo halali, kwa sababu lilikuwa kipimo: mahali, kina ambacho fimbo ilifika, hali ya udongo, na hali ya hewa ya siku zilizotangulia. Msiache kuajiri kiongozi wa eneo hilo, hata kama mhadhiri wenu analijua vizuri, kwani ardhi ya namna hii hubadilika kati ya msimu mmoja na mwingine.

Kipimajoto kiwe cha waya mrefu uliofungwa kwenye fito, ili anayepima asilazimike kuinama juu ya tundu. Ninapenda kuwauliza wanafunzi, kabla hawajapima, wanatarajia kusoma nyuzi ngapi. Wengi husema 100. Fito huingizwa, tarakimu hupanda haraka, kisha husimama kwenye nyuzi 93 hivi na kukataa kuendelea, nao huanza kukishuku chombo. Chombo hakina kasoro. Olkaria iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye joto hilo la nyuzi 93. Kipimo hicho kimoja huonyesha kwamba mvuke unaotoka pale uko sambamba na maji yanayochemka chini kidogo tu ya uso wa ardhi. Tundu likitoa nyuzi 60 au 70, mwanafunzi ana swali zuri la kufuatilia: je, mvuke umechanganyika na hewa, au umepoa njiani?

Gesi zinahitaji aya yake, na ningeomba isomwe kwa makini. Haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai viza hata ikiwa kidogo sana hewani, na kwa hiyo watu hudhani kwamba pua itawaonya daima. Pua haiwezi kutegemewa. Gesi hiyo ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni hulemaza uwezo wa kunusa, na mtu anayesema kwamba harufu imekwisha anaweza kuwa ndiye aliye hatarini zaidi. Kaboni dayoksaidi, ambayo hutoka pamoja nayo, haina harufu kabisa. Zote mbili ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hivyo hutuama kwenye mashimo, mitaro na mabonde madogo, hasa asubuhi kukiwa na utulivu wa upepo. Kundi liwe na angalau kifaa kimoja cha kupima gesi kinachopiga kengele, kibebwe na mtu aliye mbele, na asiwepo anayeshuka shimoni kuokota jiwe lililomvutia. Wenye pumu wamweleze kiongozi wao kabla ya safari, wala hilo wasilionee haya.

Baada ya matundu, nendeni kwenye lava ya Ololbutot. Ni mojawapo ya lava changa kabisa za eneo hilo: mkaa wa mimea iliyoungua kwenye mtiririko wa majivu unaohusishwa nayo ulipimwa ukatoa umri wa takriban miaka 180. Ninapowaeleza wanafunzi kwamba volkano hiyo huenda ilitoa lava katika zama za mababu wa mababu zetu, huacha kuzungumza juu ya Olkaria kana kwamba ni jambo la kale lililokwisha. Hapo mtakuta obsidiani, kioo cheusi cha volkano ambacho wakazi wa kale wa Bonde la Ufa walikitumia kutengenezea visu na ncha za mishale. Chukueni kipande kilichokwisha kuvunjika na mkitazame kwenye jua: ukingo wake mwembamba hupitisha mwanga, na uso wake una mikunjo ya mviringo kama ganda la kome. Kingo hizo hukata ngozi kwa urahisi mno. Glavu na miwani ya kukinga macho ni lazima pale, na viatu viwe vya soli nene.

Korongo la Ol Njorowa, lililochimbwa na maji ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, ndilo darasa bora la matabaka ninalolijua nchini. Kuta zake zinaonyesha majivu juu ya pumisi na pumisi juu ya lava, na mahali pengine maji ya moto huchuruzika kutoka kwenye mwamba. Lakini ndilo pia mahali ninapokuwa mkali kuliko kote. Mafuriko ya ghafla yaliua watu korongoni humo Aprili 2012, na tena tarehe 1 Septemba 2019, wakati ambao wengi wangeuita wa kiangazi. Mvua hunyesha juu, mbali, mahali ambapo aliye ndani ya korongo hawezi kupaona, na maji hufika yakiwa yamejaa ukuta hadi ukuta. Ulizeni askari wa hifadhi kama korongo limefunguliwa na hali ikoje huko juu. Likiwa limefungwa, au wingu likionekana upande wa Longonot, lisomeni kutoka kwenye ukingo kwa darubini na mchoro. Nimeshaliahirisha korongo wakati wanafunzi walikuwa wamekwisha kuvaa viatu vyao, na baadhi yao walininunia hadi jioni. Ningefanya hivyo tena bila kusita.

Ziara ya mitambo iwe mwisho, wakati wanafunzi wamekwisha kuona ushahidi wa juu ya ardhi na wana maswali. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa kati ya 1956 na 1958 bila mafanikio, kazi ikarejewa miaka ya 1970, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Kufikia 1985 ilikuwapo mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 45. Siku hizi visima vingi hufika kina cha mita 3,000, ambako joto huweza kupita nyuzi 300. Ombeni kuelezwa jinsi mvuke unavyotenganishwa na maji yenye chumvi kabla ya kwenda kwenye turbini, na maji hayo yanarudishwa wapi. Angalieni utando mweupe wa silika kwenye mifereji, kwani ndio unaoziba mabomba na kuwapa wahandisi kazi isiyokwisha. Bebeni vizibo vya masikio, maana kisima kinachojaribiwa hunguruma kiasi cha kuumiza. Na msipime mielekeo kwa dira karibu na mabomba: chuma huivuta sindano, na vipimo vyote vya siku hiyo vitakuwa havifai.

Mkipata nafasi moja tu ya kuomba jambo la ziada, ombeni kuonyeshwa vipande vya mwamba vinavyoletwa juu na uchimbaji, ambavyo hukusanywa kwa mpangilio wa kina kila baada ya mita chache. Mnapozidi kwenda chini, udongo wa smektaiti unaoumbika kwenye joto la chini huiachia nafasi ilaiti, udongo wa aina nyingine unaoumbika kwenye joto kubwa zaidi, kisha huanza kuonekana epidoti, madini ya kijani yenye umanjano ambayo kwa kawaida huhitaji joto la nyuzi 240 hivi au zaidi ili kuumbika. Kisima kikiwa na epidoti tele, ilhali kipimajoto kinaonyesha joto dogo kuliko hilo, mwamba unasimulia kwamba palikuwa na moto zaidi zamani na sasa pamepoa. Nimeona wanafunzi waliokuwa wamechoka hadi kusinzia wakiinuka na kugombania hadubini walipoielewa hoja hiyo.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, kila mmoja arudie mchoro wake wa mkato na aweke juu yake nyuzi 93 za tundu la mvuke, eneo la udongo mweupe, mstari wa ufa, na kina ambacho epidoti ilianza kuonekana. Mahali ambapo vipimo viwili vinapingana, aweke alama ya kuuliza, wala asiifute kwa ajili ya kuipendezesha ripoti. Mkaguzi anayeijua kazi hii ataanza kusoma kwenye alama hizo.